Uhawilishaji: maana yake katika insha ya Kiingereza

Uhawilishaji ni hali ya mtu anayejifunza lugha mpya kuingiza katika lugha hiyo kanuni za lugha anayoijua tayari. Katika shule za msingi za Nairobi, ambako mtoto huweza kuzungumza Kikamba au Dholuo nyumbani, Sheng mtaani na Kiswahili sokoni kabla ya kuandika insha ya Kiingereza, hali hii hujitokeza mara kwa mara.

Tuchukue saa. Mwanafunzi aliyezoea kwamba masomo huanza saa mbili asubuhi huandika tarakimu hiyo hiyo kwa Kiingereza, na msomaji akaelewa kwamba watoto waliingia darasani saa nane za usiku. Hesabu yake haina kasoro; ni ya Kiswahili, inayoanzia macheo. Vivyo hivyo, kiambishi a- katika "alikuja" hakielezi kama aliyekuja ni mvulana au msichana, na Kikamba na Dholuo pia hazibagui jinsia mahali hapo, ilhali Kiingereza hubagua, ndiyo maana dada wa kwenye insha hugeuka mwanamume kufikia sentensi ya tatu. Jirani yake wa dawati anayezungumza Kisomali, lugha inayotofautisha jinsia, huenda asikwame hapo kabisa. Kwa hiyo orodha moja ya makosa haiwezi kulitosha darasa zima.

Si kila kosa ni uhawilishaji, ingawa walimu wengi hukimbilia kuilaumu lugha ya mama. Mtoto anayebandika alama ya wakati uliopita kwenye kitenzi kisichoipokea ameitanua kanuni ya Kiingereza chenyewe, na watoto waliozaliwa katika Kiingereza hufanya hivyo pia. Mwanaisimu S. Pit Corder, katika makala ya mwaka 1967, alitenganisha kosa, linaloonyesha kanuni ambayo mwanafunzi hajaimudu, na kuteleza, ambako anaijua ila amepitiwa.

Upo pia uhawilishaji chanya, ambao husahaulika kwa kuwa hauachi alama ya kalamu nyekundu: anayejua kupanga visa katika insha ya Kiswahili haanzi upya kujifunza mpangilio anapoandika kwa Kiingereza. Penye kosa, mwalimu anaweza kuandika sentensi ya Kiswahili ubaoni, ya Kiingereza chini yake, kisha kuwauliza wanafunzi ni kipi kilichobadilika.