Kwa nini filamu ya Get Out inafunguliwa kwa Kiswahili?

Zimepita dakika chache tu tangu filamu ianze. Kijana mweusi aliyepotea njia usiku katika mtaa wa watu wenye uwezo ameshakabwa, akaburutwa na kutiwa kwenye buti la gari jeupe. Mara skrini inajaa miti inayopita mbio, kama mtu anavyoiona kupitia dirisha la basi, herufi za samawati zinajitokeza juu yake, na kwaya inaanza kunong'ona. Mtazamaji wa Ohio, Marekani, anasikia lugha asiyoijua, vinyweleo vinamsimama. Mtazamaji wa Tanga anasikia anaambiwa asikilize, akimbie, ajiokoe.

Huyo wa Tanga ameshahadithiwa filamu nzima kabla haijaanza. Na nyie pia, kama hamjaitazama, jueni kuanzia hapa kila kitu kinaanikwa.

Get Out ilitoka Februari 2017. Iliandikwa na kuongozwa na Jordan Peele, Mmarekani mweusi aliyekuwa akijulikana kwa vichekesho vya televisheni, na stelingi wake ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London kwa wazazi wa Uganda. Chris, mpiga picha, anapelekwa na mpenzi wake mzungu, Rose, kuwasalimu wazazi. Baba mtu ni daktari wa kupasua ubongo, mama mtu ni daktari wa magonjwa ya akili. Kazi ya familia ni moja: kuwavuta vijana weusi, kuwapumbaza, kuwapiga mnada kwa wazee wa kizungu wenye fedha, kisha kuupandikiza ubongo wa mnunuzi ndani ya fuvu la aliyenunuliwa. Filamu ilipigwa kwa siku 23 huko Alabama, kwa dola milioni 4.5. Iliingiza zaidi ya dola milioni 250, na Peele akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya muswada halisi, yaani usiotokana na kitabu au kazi nyingine.

Ule wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Aliyeutunga ni Michael Abels, ambaye Peele alimpata baada ya kusikia kazi yake ya okestra YouTube. Abels hakuwa amewahi kutungia filamu muziki. Maagizo aliyopewa yalikuwa magumu: zisikike sauti za watu weusi, lakini pasiwe na matumaini. Peele aliona kwamba muziki wa Wamarekani weusi, hata ule wa msiba, daima una mwanga kidogo kwa mbali. Injili inakuahidi mbingu, na blues inakutua mzigo. Yeye aliutaka mwanga huo uzimwe. Abels akaziwazia sauti hizo kuwa za marehemu: watumwa na walionyongwa na makundi ya wazungu, watu ambao haki zao hazikupatikana, wakijaribu kumzindua Chris. Ilibidi waimbe kwa lugha ambayo watazamaji wengi wa Marekani wataihisi bila kuielewa. Wangeimba kwa Kiingereza, siri ingemwagika.

Lakini kwa nini Kiswahili? Kwa kufuata historia, mababu wa Wamarekani weusi wengi walichukuliwa pwani ya magharibi, kuanzia Senegambia kushuka hadi Angola. Mzimu wa mtumwa wa Virginia ungekuwa na sababu zaidi ya kuimba kwa Kiakan, Kiigbo au Kikongo. Kiswahili kilifika kwao kwa mlango wa siasa. Katika miaka ya 1960 vijana wa harakati za Wamarekani weusi walitafuta lugha ya Kiafrika isiyofungwa kwa kabila moja, na Tanzania ya Nyerere ilikuwa inawavutia. Mwaka 1966 Maulana Karenga, mwanaharakati mweusi, alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kule California, yenye nguzo saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Tangu hapo Kiswahili kikawa lugha ya Afrika nzima machoni pao. Ndiyo maana hata Michael Jackson, katika wimbo wake wa mwaka 1987 kuhusu msichana wa Liberia, anafungua kwa sauti ya mwanamke anayesema "nakupenda pia", ingawa Liberia hakuna anayebembeleza kwa Kiswahili.

Msomaji mwenye sikio kali ameshakunja uso: "sikiliza kwa wahenga" si Kiswahili cha barazani. Kusikiliza hakuhitaji hiyo "kwa". Tungesema "wasikilize wahenga". Na "wahenga" wenyewe wanatuletea picha nyingine. Sisi wahenga ni wenye methali, wale waliosema haraka haraka haina baraka. Wafu wanaorudi kutuonya ni mizimu. Hata hivyo kosa hilo, kama ni kosa, limeangukia pazuri, kwa sababu filamu yote ni methali moja tunayoijua: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa tazama jina la filamu. Get Out maana yake ni "toka humo", na hilo ndilo neno ambalo watazamaji weusi wa Marekani wamekuwa wakiipigia kelele skrini kwa miaka mingi. Mwaka 1983 mchekeshaji Eddie Murphy alikuwa na kipande maarufu juu ya jambo hili: familia ya kizungu inahamia kwenye nyumba yenye mashetani, inasikia sauti ikiiambia itoke, na bado inabaki, mweusi angesikia sauti hiyo angesema nyumba nzuri, bahati mbaya hatuwezi kukaa, na huyo akaondoka. Peele amesema kichekesho hicho kilikuwemo kichwani mwake. Kwa hiyo kwaya ya mwanzo ni mizimu, lakini pia ni watu wa siti za nyuma wanaomwambia stelingi akimbie. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anaijua hali hiyo: filamu haitazamwi kimya, na anayeelekea mlango mbaya huitwa mjinga kwa sauti na benchi zima.

Kelele hizo zina historia ya uchungu. Kwetu tunasema stelingi hafi. Katika filamu za kutisha za Marekani, mashabiki weusi walijifunza kinyume chake: mtu wao akitokea, hesabu dakika zake. Kwa kawaida alikuwa mmoja tu katika kundi, rafiki wa stelingi, na kifo chake kilikuwa njia rahisi ya kuonyesha kwamba adui yupo kazini. Si kila mara alikuwa wa kwanza kabisa, ila mazoea yalitosha kuzaa msemo. Mfano unaouma zaidi ni The Shining ya mwaka 1980. Dick Hallorann, mpishi mweusi, anatoka Florida kwa ndege, anakodi gari, anapita kwenye theluji usiku kwenda kumwokoa mtoto anayetishiwa na baba yake, anaingia hotelini, anapigwa shoka la kifua. Ndiye pekee anayeuawa na huyo baba mwenye shoka katika filamu nzima. Katika riwaya ya Stephen King iliyoizaa filamu hiyo, Hallorann anapona.

Na kuna Ben. Mwaka 1968, katika Night of the Living Dead ya George A. Romero, Duane Jones, mwigizaji mweusi, alipewa nafasi ya stelingi ambayo haikuandikwa kwa rangi yoyote. Romero alisema alimchukua kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri kuliko wengine. Bajeti ilikuwa kama dola 114,000. Wafu wameamka na wanakula watu. Ben ndiye anayegongomea mbao madirishani, anayegawa kazi, anayembishia mzungu anayetaka wote wajifungie chini ya nyumba. Usiku kucha wengine wanakufa. Ben peke yake anafika asubuhi, tena akiwa kule kule chini alikokukataa. Anasikia mbwa na milio ya bunduki, anajua msaada umefika, anapanda kuchungulia dirishani. Wazungu wenye bunduki wanamwona kwa mbali, wanamhesabu miongoni mwa wafu, na mmoja anamlenga kichwani. Baada ya hapo picha hazitembei tena: zinakuja moja moja, za chembechembe kama za gazeti, wakimchoma kulabu za nyama na kumtupa kwenye rundo la kuni. Romero alikuwa garini akipeleka filamu New York, Aprili 1968, redio ilipotangaza kwamba Martin Luther King ameuawa. Watazamaji weusi hawakuhitaji kuelezwa zile picha zinafanana na nini.

Katikati zipo filamu nyingine ambazo mashabiki wanazitunza kama urithi. William Marshall, alipopewa nafasi ya mnyonya damu katika Blacula ya mwaka 1972, alishikilia kwamba mhusika awe na asili yenye heshima. Ndipo akawa Mamuwalde, mwanamfalme wa Kiafrika aliyemwendea Dracula kuomba biashara ya watumwa ikomeshwe, akalaaniwa kwa kuomba. Mwaka 1973 Bill Gunn, katika Ganja & Hess, aliugeuza unyonyaji damu kuwa uraibu na imani; watayarishaji waliikatakata na kuiuza kwa jina jingine. Robin R. Means Coleman, mtafiti aliyeiandika historia hii, anatenganisha mafungu mawili: filamu za kutisha zenye watu weusi ndani yake, na filamu za kutisha za watu weusi wenyewe, ambamo hofu inatoka katika maisha yao. Hallorann yumo fungu la kwanza. Get Out ni la pili.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri pale Chris anapopumbazwa. Mama wa Rose anamkalisha usiku, anakoroga chai, kijiko kinazunguka kwenye ukingo wa kikombe, anamuuliza kuhusu kifo cha mama yake. Chris hawezi kuinuka. Machozi yanatoka, kucha zinakwaruza mkono wa kiti. Kisha anaambiwa azame, naye anadidimia kwenye giza, nguo zikielea, huku dunia ikibaki juu yake kama skrini ndogo ya televisheni. Anapiga kelele na sauti haitoki. Peele alieleza kwamba mahali hapo ndipo jamii inapowaweka watu ambao hata wapige kelele vipi hawasikiki. Ukiangalia vizuri, huyo anayeelea gizani akitazama skrini na kupayuka bila kusikika ni shabiki mweusi ukumbini.

Baadaye wanamfunga kwenye kiti cha ngozi mbele ya televisheni ya kweli. Kila kikombe kinapolia humo, anapoteza fahamu. Akizinduka anakwaruza mikono ya kiti kama ile mara ya kwanza, ngozi inachanika, kinachotoka ndani ni pamba. Anaitia masikioni. Kijiko kinalia, yeye anajifanya amelala, na anayekuja kumchukua anapigwa hadi chini.

Hapa mtazamaji wa Kiswahili anapata kitu ambacho pengine hata waliotengeneza hawakukipanga. Kwa Mmarekani mweusi, pamba ni shamba la utumwa. Kijana anaokolewa na zao lililowaua babu zake. Kwetu kutia pamba masikioni ni ukaidi, ni kukataa kuonywa. Wimbo ulimsihi asikilize, hakusikia, na sasa kinachomponya ni kuziba masikio! Amechelewa kuwasikia wahenga, lakini amejua ni sauti ya nani asiisikie tena.

Mwisho ndipo Ben anaporudi. Chris ametoroka, yuko barabarani usiku juu ya Rose aliyejeruhiwa kwa risasi, na taa za bluu na nyekundu zinawamulika. Anainua mikono. Kumbi ziliguna, kwa sababu kila aliyemo alijua gari la polisi linaona nini: mwanamume mweusi, msichana mzungu anayevuja damu. Na kweli, Peele alipiga kwanza mwisho ambamo ni polisi, Chris anafungwa, na rafiki yake anamtembelea gerezani. Aliuacha. Aliuandika wakati ambapo watu walidai ubaguzi umekwisha kwa kuwa Obama yuko ikulu. Filamu ilipokuwa tayari, habari za vijana weusi kupigwa risasi zilikuwa kila siku, na watazamaji hawakuhitaji kukumbushwa. Walihitaji kupumua.

Hapo ndipo waigaji wake wamekosea: kudhani kwamba maumivu yenyewe ndiyo hofu. Antebellum ya mwaka 2020 ilionyesha viboko na mateso ya shambani kwa urefu, na wengi walitoka wakiuliza wametishwa au wameumizwa tu. Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, inayohusu Mississippi ya 1932, ilielewa zaidi. Wanyonya damu wanakuja kwa sababu ya muziki, na katika ngoma moja ndani ya kilabu cha blues, wapiga ngoma wa Afrika wa kale na ma-DJ wa baadaye wanatokea na kucheza pamoja na walio hai. Wahenga hawanong'oni tena, wamo ukumbini.

Mlango wa lile gari la barabarani unafunguka, na ubavuni pameandikwa neno la uwanja wa ndege. Anayeshuka ni Rod, rafiki wa Chris, mkaguzi wa abiria, mtu wa kuchekesha ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwambia kwa simu asiende huko, ambaye polisi walimcheka alipokwenda kuripoti. Chris anapanda. Jambo la kwanza Rod analomkumbusha ni kwamba alimwambia asiingie kwenye nyumba ile.