Modeli ya lugha: kwa nini inakosea bila kupepesa macho

Modeli ya lugha ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kazi moja: ikipewa maandishi, ikadirie ni kipande gani cha neno kina uwezekano mkubwa wa kufuata. Inakitoa kipande hicho, inakiunga mwishoni, inayapitia tena maandishi yote na kukadiria kingine, hivyo hivyo mpaka jibu likamilike. ChatGPT, Gemini, Claude na nyinginezo, zote ukizichungulia kwa ndani ndivyo zinavyofanya. Shairi, tafsiri, barua ya kuomba kazi, ushauri wa ndoa: vyote vinatoka kipande kwa kipande.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi, Andrey Markov, alikaa akazihesabu herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin ili aone irabu na konsonanti hufuatana vipi. Mwaka 1948 Claude Shannon akaonyesha kwamba ukijua maneno hufuatana mara ngapi, unaweza kuzalisha mistari inayosikika kama lugha ya watu hata kama haina maana. Kilichobadilika tangu hapo ni mbinu na ukubwa. Mwaka 2017 watafiti wa Google walitoa muundo uitwao transfoma, unaoiwezesha programu kupima kila neno lina uhusiano gani na mengine yaliyo kwenye matini. Kufikia 2020 modeli ya GPT-3 ilikuwa na vigezo bilioni 175, yaani namba zinazorekebishwa kidogo kidogo wakati wa mafunzo hadi makadirio yakae sawa. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ikafunguliwa kwa umma, na matarajio ya watu yakapaa.

Tuitazame kazini. Ipe mwanzo huu: "Mji mkuu wa Ufaransa ni". Katika maandishi iliyofunzwa nayo, jambo hili limerudiwa mara zisizohesabika, kwa hiyo karibu uwezekano wote unaangukia Paris. Sasa andika jina la mshairi asiyejulikana sana, aliyechapisha diwani moja tu, kisha malizia na "alizaliwa mwaka". Modeli haijakutana naye vya kutosha. Lakini inajua vizuri kwamba mahali hapo hukaa tarakimu nne, na kwamba washairi wengi wanaoandikwa kwa namna ile walizaliwa katikati ya karne ya 20. Inaweza kuandika 1943. Ukiuliza tena huenda ikaandika 1951, maana uchaguzi wa kipande una bahati nasibu ndani yake. Na sauti itakuwa ile ile iliyotumika kwa Paris, haitashuka hata kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani mwaka ule wa uongo ni hitilafu, kwamba kuna mahali mashine imeteleza na fundi akipapata atapatengeneza. Hakuna kilichoteleza. Njia iliyotoa Paris ndiyo iliyotoa 1943, na katika njia hiyo hakuna kituo cha kukagua ukweli. Uzushi wa namna hii wataalamu huuita maruweruwe. Umepungua kwa kiasi, lakini haujaisha. Septemba 2025 watafiti wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walieleza sababu mojawapo: vipimo vingi vinavyotumika kushindanisha modeli hutoa alama kwa jibu sahihi, na sifuri kwa jibu bovu sawasawa na "sijui". Mwanafunzi aliye kwenye mtihani wa kuchagua jibu naye hufanya hesabu hiyo hiyo: asipojua, anabahatisha, maana kuacha wazi hakumpi kitu.

Lakini nadhani nusu ya tatizo iko kwetu sisi wasomaji. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT, Joseph Weizenbaum alichapisha maelezo ya programu yake ELIZA, iliyokuwa ikiyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kama maswali, kwa kanuni chache tu. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Tumezoea kumpima mtu kwa usemi wake. Anayesema kwa mpangilio na istilahi sahihi tunamdhania mjuzi. Anayebabaika tunamtilia shaka. Kwa binadamu kipimo hicho hakifanyi vibaya sana, kwa sababu huwezi kuzungumzia figo kwa ufasaha kama hukupita kwanza kwenye kusoma figo. Ufasaha ulikuwa risiti ya kazi iliyofanyika. Modeli imevitenganisha hivyo viwili: ufasaha inao wakati wote, ujuzi inao mahali na mahali.

Mawakili wawili wa New York waliyaona hayo mwaka 2023. Waliwasilisha mahakamani hoja yenye kesi za zamani zilizotajwa kwa majina na namba, ambazo ChatGPT ilizibuni. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli. Ikamjibu kuwa ni za kweli na zinapatikana kwenye hifadhidata za sheria. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Kesi zile zimeshasemwa sana. Mimi linalonishangaza zaidi ni lile swali. Kuiuliza modeli kama haijasema uongo ni kuiomba sentensi nyingine, na sentensi inayofuata kwa kawaida baada ya swali kama hilo ni "ndiyo, ni kweli".

Mipaka mingine ni rahisi kueleza. Modeli hufundishwa mpaka tarehe fulani, na ya baada ya hapo haiyajui isipounganishwa na utafutaji wa intaneti. Husoma vipande, haisomi herufi, ndiyo maana imekuwa ikikosea kuhesabu herufi zilizomo ndani ya neno. Katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni huwa dhaifu zaidi, na msomaji wa Kiswahili huliona hilo kwenye upatanisho wa ngeli kabla ya kuliona kwingine. Tena hupenda kukubaliana na wewe. Baada ya mafunzo ya kwanza, watu hupewa majibu mawili au zaidi wachague lililo bora, na sisi watu mara nyingi huchagua linalotusifu. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kuliondoa toleo jipya la GPT-4o, modeli iliyokuwa ndani ya ChatGPT, kwa sababu lilizidisha kusifu hata mawazo ya ovyo.

Kuna na upande wa pili, wa wanaosema hiki ni kikisia maneno tu, hakina la maana. Nao wanajidanganya. Kukisia neno linalofuata katika uthibitisho wa hisabati, ukakisia vizuri mpaka mwisho, si jambo la kubeza. Julai 2025 mifumo ya Google DeepMind na OpenAI ilipata alama 35 kati ya 42 kwenye maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha medali ya dhahabu. Teknolojia hiyo hiyo ndiyo inayoweza kukwama kwenye kuhesabu herufi. Kinachotuchanganya ni kwamba kwa mtu, anayeweza kubwa huweza na dogo lililo chini yake. Kwa modeli ngazi hiyo haipo, na kwa hiyo kufaulu kwake jambo moja mbele ya macho yako hakukuambii mengi kuhusu jambo la pili.

Swali la "ina akili au haina" nawaachia wanaolipenda. La kujiuliza ni kama jibu lake unaweza kulihakiki kwa gharama ndogo kuliko kulitafuta mwenyewe. Ripoti uliyoibandika ukataka muhtasari, unayo mkononi, linganisha. Msimbo wa programu unaendeshwa, ukigoma utaona. Barua ya Kiingereza isahihishwe sarufi, utaisoma kabla ya kuituma. Lakini kipimo cha dawa ya mtoto, kifungu cha sheria, nukuu ya mtu mashuhuri, au jina la kitabu na ukurasa wake, hivyo vinafanana kabisa vikiwa vya kweli na vikiwa vya kubuni, na kuvihakiki ni kazi ile ile uliyotaka kuikwepa. Modeli zinazotafuta mtandaoni na kuweka viungo zina nafuu, ila fungua kiungo. Mara nyingine ukurasa upo na yaliyodaiwa hayamo.

Na anayeiweka modeli, au chatboti (programu ya kujibu maswali) ya aina yoyote, mbele ya wateja hawezi kujificha nyuma yake. Mwaka 2022 abiria mmoja wa Kanada, aliyekuwa amefiwa na bibi yake, aliuliza chatboti ya kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Ikamwambia anaweza kukata tiketi kwanza na kuomba punguzo baadaye, ilhali utaratibu wa kampuni haukuruhusu hivyo. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, kampuni ilitoa utetezi ambao mwamuzi aliuelewa kuwa unaifanya chatboti iwajibike yenyewe kwa matendo yake. Februari 2024 akaukataa: tovuti ni ya kampuni, na yote yaliyomo ni yake, yawe yametoka kwenye ukurasa wa kawaida au kwenye chatboti. Fidia ilikuwa dola 650.88 za Kanada, pamoja na riba na ada za shauri.