Saratani ya mlango wa kizazi haifi kwa kunyimwa halua

Mama mmoja wa hapa Lamu, mwenye miaka arobaini na kitu, alikaa mbele yangu kliniki, na kabla sijamuuliza lolote akasema: "Dada, sukari nimeiacha tangu Rajabu. Halua siigusi, tende siigusi, chai nainywa hivihivi." Dada yake mkubwa alikuwa amefariki Malindi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye matanga akaambiwa kwamba saratani chakula chake ni sukari, naye akaazimia kuinyima. Alikuwa amekonda mpaka buibui lamwelea. Miezi mitano alijinyima, lakini kipimo cha mlango wa kizazi hakuwahi kufanyiwa hata mara moja.

Aliyemwambia hakusema uongo mtupu. Alikuwa na nusu ya jambo, na nusu hiyo imewachelewesha wanawake wengi. Ndiyo maana naona bora niueleze mwenendo wote wa sukari ndani ya seli, tangu mwanzo.

Kazi hii hufanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini. Tafuna kipande cha mkate polepole bila kukimeza, baada ya muda utasikia utamu ulimini: kimeng'enya cha mate kimeanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Ndani ya kila seli kuna vimeng'enya vingine vinavyopokezana glukosi, ile sukari inayosafiri katika damu, hatua kwa hatua. Seli yenye afya na oksijeni ya kutosha huichoma glukosi mpaka mwisho, na molekuli moja huipatia kama vipimo 30 vya nishati. Oksijeni ikipungua, kama kwenye misuli ya mtoto anayetimua mbio, safari hukatizwa njiani: hupatikana vipimo 2 tu, na kinachobaki ni asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa ya mgando.

Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hushika hiyo njia fupi hata pale oksijeni ipo tele. Humeza glukosi kwa pupa na kutoa asidi. Yeye alidhani mitambo ya kupumulia ya seli hizo imeharibika. Leo tunajua kwamba mara nyingi mitambo ni mizima. Basi kwa nini seli ikubali vipimo 2 badala ya 30?

Nenda Matondoni ukamtazame fundi anayeunda jahazi. Mbao zake akizitia motoni zote atapata moto mkubwa, lakini jahazi hatalipata. Seli ya saratani haina haja kubwa ya moto kuliko mbao. Inataka kujigawa, na kila inapojigawa lazima iunde utando mpya, protini mpya, na nakala nzima ya jeni zake. Vipande vya glukosi iliyovunjwa nusunusu ndizo mbao zenyewe.

Vimeng'enya vitatu vinatajwa sana katika habari hii. Heksokinasi 2 husimama mlangoni: huibandika glukosi alama ya fosfeti, na ikishabandikwa haiwezi tena kutoka nje ya seli. Piruveti kinasi M2 hukaa karibu na mwisho wa njia, nayo ina tabia ya kulegea. Ikilegea, mali hurundikana nyuma yake na kuelekezwa kwenye ujenzi. Cha tatu ni laktati dehidrojenasi A, kinachogeuza mabaki kuwa asidi ya laktiki.

Katika saratani ya mlango wa kizazi, anayevichezea vimeng'enya hivi tunamjua kwa jina. Karibu kila saratani ya aina hii huanza na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani. Virusi hivi huzalisha protini mbili, E6 na E7. E6 huiangamiza protini yetu iitwayo p53, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kushika breki ya matumizi ya sukari. E7 huvunja breki nyingine, ile ya kujigawa, kisha huenda kuishika piruveti kinasi M2 yenyewe na kuitenganisha vipande, ikalegea. Jambo hili la mwisho lilionyeshwa maabara mwaka 1999. Kwa hiyo kirusi hakisubiri saratani ikue ndipo ije njaa ya sukari. Chenyewe ndicho kinachoifundisha seli kula hivyo.

Nimewahi kuzitunza chupani seli za HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks, mama aliyefariki Baltimore mwaka 1951 kwa saratani hii hii, na zenye HPV ya aina ya 18. Maji ya lishe unayaacha jioni yakiwa mekundu. Ukirudi baada ya siku chache yamekuwa ya manjano, kwa sababu ya asidi waliyoitoa hao wageni wako. Ndani ya mwili asidi hiyo haina chupa ya kuizuia. Huwadhoofisha askari wa kinga wanaokuja kupambana, na husaidia kulegeza nyama ya jirani ili seli zipenye. Uvimbe wa mlango wa kizazi wenye lakteti nyingi, yaani mabaki ya asidi hiyo ya laktiki, umeonekana kusambaa na kurudi zaidi kuliko wenye lakteti kidogo.

Sasa turudi kwa yule mama. Kama seli hizi zinaipenda sukari hivyo, kuacha halua kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba njaa hiyo haizifikii. Ukikosa kula, ini lako huunda glukosi kutokana na protini za misuli na mabaki mengine, kwa sababu ubongo hauwezi kuachwa bila kitu. Damu inabaki na sukari, na seli ya saratani, ambayo imejaza milango ya kuingizia glukosi kwenye utando wake, hujichotea mwanzo. Anayekonda ni wewe. Mgonjwa anayengojea mionzi anahitaji nguvu, na kumnyima wali na matunda ni kumwonea. Kupunguza sukari kwa ajili ya kisukari au uzito ni jambo jema, ila ni habari nyingine.

Dawa za kuvizuia vimeng'enya hivi zinatafutwa, na hata metformini, kidonge cha kisukari ambacho wengi wanacho nyumbani, inachunguzwa. Bado si tiba ya saratani hii, msiinunue kwa nia hiyo. Vilevile asikuuzie mtu kipimo cha damu cha LDH, yaani laktati dehidrojenasi, kwamba kitakuonyesha saratani mapema. Kimeng'enya hicho hupanda kwa malaria, kwa ugonjwa wa ini, hata damu ikivunjika ndani ya kichupa.

Lakini kuna mahali elimu hii ya sukari inatumika tayari, kwa gharama ndogo, na ndipo nilipompeleka mama yule. Muuguzi alifungua chumba, akavuta pazia, akapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja. Kidoa cheupe kikatokea upande mmoja. Kisha akapaka ayodini. Watoto wa shule wanajua kwamba tone la ayodini kwenye muhogo hugeuka buluu-nyeusi, kwa sababu ya wanga. Seli zilizokomaa za mlango wa kizazi nazo zina wanga wao wa akiba, uitwao glikojeni, na zikiguswa na ayodini hushika kahawia iliyoiva kama ganda la mkoko. Seli zilizoanza kupotoka hazikomai, hazina akiba hiyo, na hubaki manjano. Kidoa chake kilibaki manjano. Hakikuwa saratani bado. Kilikuwa hatua ya kabla yake, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufika huko, na huenda mbio zaidi kwa mwenye HIV. Tulikichoma kwa joto asubuhi ileile, kazi ya dakika chache, akatoka kwa miguu yake.

Kipimo hiki kina mipaka. Mwanamke aliyekoma hedhi hupungukiwa glikojeni, kwa hiyo rangi hushika vibaya hata akiwa mzima. Kipimo cha HPV kinakamata zaidi, nacho kina sitara kubwa: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, chumbani peke yake, bila kuonwa na mtu. Kwa akina mama wa Faza na Siyu, ambao haya imewazuia miaka mingi, hili linaondoa sababu kubwa ya kutokuja.

Alipokuwa akifunga buibui aliniuliza habari za mabinti wa marehemu dada yake kule Malindi. Wako watatu. Mkubwa ana miaka 31, nikamwambia apimwe mwezi huu. Wa pili ana 26 na anaishi na HIV, naye asingoje kufika 30, aanze sasa, kwa kuwa hatari yake ni kama mara sita ya mwingine. Wa mwisho ana miaka 11. Chanjo ya HPV imekuwa katika ratiba ya taifa tangu Oktoba 2019, bila malipo, na umri wake ndio huo. "Na halua?" akauliza. Nikamwambia Idi i karibu, ale na wenzake, na arudi kwangu baada ya mwaka mmoja tukitazame tena.