Klavie ya Mac kwenye mashini ya Windows: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mama, hiyo ni ya Mac, mashini yako haitaikubali." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kwenye meza za vifaa vya mtumba hapa Lubumbashi, na mteja hurudisha klavie (kibodi) nzima mezani akaondoka na iliyochakaa. Si kweli. Klavie za USB, ziwe za Apple, watengenezaji wa Mac, au za Windows, huzungumza na mashini, yaani kompyuta, kwa utaratibu mmoja. Ichomeke, subiri kidogo, andika. Za Bluetooth nazo hukubali.

Ati klavie ya Mac haina kitufe cha Windows? Kinacho, kimevaa jina jingine tu. Command hutuma namba ileile inayotumwa na kitufe cha Windows, na Option ndiyo Alt. Kinachosumbua ni nafasi: kwenye Mac, jirani wa kitufe cha nafasi ni Command, kwenye klavie ya Windows ni Alt. Mwenye Mac anaweza kuvibadilisha nafasi ndani ya mipangilio ya klavie ya macOS yenyewe, yaani mfumo unaoendesha Mac. Mwenye Windows atapakua PowerToys, programu ya Microsoft ambayo ni ya bure. Na kunakili kwenye Windows ni Ctrl na C, hata klavie iwe imetengenezwa na nani.

Dhana inayowatesa watu zaidi ni kwamba herufi iliyochorwa juu ya kitufe ndiyo itakayotokea. Sisi tumekulia kwenye AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, lakini mizigo inayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inatoka upande wa Kiingereza, kwa hiyo QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, nazo zimejaa. Sasa angalia: kitufe kilicho kuliani mwa Tab hutuma namba 20, basi. Klavie haijui kama juu yake pamechorwa A au Q. Mashini ndiyo inayoigeuza namba hiyo kuwa herufi, kufuata mpangilio uliochaguliwa humo ndani. Mashini ikiwa imewekwa AZERTY ya Kifaransa, mtu akafuata michoro ya QWERTY kuandika *amani*, kitakachoingia ni *q,qni*. Kwenye neno la siri huoni kitu ila vidoto, ndipo watu huapa kwamba mashini imeingiliwa na virusi! Ongeza QWERTY kwenye orodha ya mipangilio, kisha badilisha kwa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi.

Alama ya @ ina visa vyake. AZERTY ya Ufaransa kwenye Windows huitoa kwa AltGr (Alt ya kulia) na *à*. Ya Ubelgiji, kwa AltGr na *é*. Klavie ya Mac ya Kifaransa imeipa kitufe chake chini ya Esc, lakini ukikibonyeza kwenye Windows iliyowekwa Kifaransa, @ haitoki. Tumia Option ya kulia pamoja na *à*.

Vipo visivyofanya kazi kweli. Fn na vitufe vya mwanga wa skrini vya Apple mara nyingi hukaa kimya kwenye Windows. Kitufe cha kupiga picha ya skrini hakipo, ila Command, Shift na S kwa pamoja hufanya kazi hiyo. Kile cha alama ya kidole hutambuliwa tu na Mac zenye chipu za Apple zenyewe, kwa hiyo muuzaji akikupandishia bei kwa ajili yake, mkatalie.