Ujira wa Kibarua Usilale Kwako

Wanafunzi wangu wa Biblia ya Kiebrania huniuliza kwa nini nawahimiza wafuate parasha, yaani fungu la Torati la kila juma, badala ya kila mmoja kufungua pale moyo unapompeleka. Nawajibu kwamba moyo una upendeleo. Mwenye huzuni atarudi kwenye Zaburi zile zile, mwenye ugomvi atatafuta aya ya kumchapa nayo jirani, na sura inayosema habari za mizani ya dukani au deni la mfanyakazi itakaa mwaka mzima bila kuguswa. Kalenda ya Kiyahudi haimuulizi mtu anapenda kusoma nini. Inamletea.

Torati imegawanywa katika mafungu 54, na yote husomwa ndani ya mwaka mmoja, Sabato baada ya Sabato, kuanzia uumbaji hadi kifo cha Musa. Sikukuu ya Simchat Torah ikifika, fungu la mwisho humalizwa na kitabu cha Mwanzo huanzwa papo hapo. Asubuhi ya Sabato watu saba huitwa kwa zamu mbele ya gombo, kila mmoja kwa sehemu yake ya fungu, na msomaji husoma kwa mahadhi maandishi yasiyo na irabu. Akikosea neno, waliopo humsahihisha kwa sauti naye hulirudia. Sehemu ya mwanzo ya fungu linalokuja husomwa pia Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo zamani mahakama zilikaa. Hata jirani zetu Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919, husoma fungu lile lile linalosomwa juma hilo London na New York.

Sasa tuingie ndani ya fungu moja, maana parasha haieleweki kwa kuzungumziwa kwa mbali. Kedoshim ni Mambo ya Walawi 19 na 20. Katika miaka isiyo na mwezi wa kumi na tatu, ule ambao kalenda ya Kiyahudi huuongeza miaka fulani, huunganishwa na fungu linalolitangulia. Linaanza na amri kubwa: muwe watakatifu. Msomaji anasubiri habari za hekalu na kufunga. Anachokutana nacho mapema ni pembe za shamba ziachwe bila kuvunwa kwa ajili ya maskini na mgeni, kisha wizi, uongo, na katika aya ya 13 ujira wa mtu wa kazi: usikae kwako usiku kucha hadi asubuhi. Rashi, mfafanuzi wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anaeleza kwa nini Musa aliagizwa kuisema sura hii mbele ya mkutano wote: sehemu kubwa ya misingi ya Torati inaitegemea.

Nikae kwenye ujira huo kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona namna marabi walivyochota somo la maisha bila kupuliza maneno matupu. Kumbukumbu la Torati 24:15 nayo inaamuru kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa. Aya mbili, saa mbili tofauti. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika kitabu chake kiitwacho Bava Metzia, sura ya 9, inazipatanisha: aliyefanya kazi mchana anadai usiku kucha, aliyefanya kazi usiku anadai mchana kutwa. Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, inauliza kwa nini mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akajitia katika hatari ya kufa. Si kwa ajili ya ujira wake? Na inasema anayeuzuia ujira huo ni kama ameichukua nafsi yake.

Mishna inaongeza sharti ambalo wengi hulifurahia: mwajiri hahesabiwi kuivunja amri ikiwa mfanyakazi hakudai. Kisheria ni kweli. Lakini mwenye kusoma asiishie hapo, kwa kuwa Bava Metzia hiyo hiyo katika Talmudi, ukurasa wa 83a, kina kisa kinachoziba mlango huo. Mwanazuoni mmoja wa Babeli alikodi wapagazi, wakamvunjia pipa la mvinyo, naye akawanyang'anya nguo zao. Wakaenda kwa Rav, mwalimu mkubwa wa karne ya 3. Rav akamwambia, "Warudishie nguo zao." Akauliza, "Hiyo ndiyo sheria?" Rav akajibu ndiyo, akamtajia Mithali 2:20, kuenenda katika njia ya watu wema. Wapagazi wakasema: sisi ni maskini, tumefanya kazi kutwa, tuna njaa, hatuna kitu. Rav akasema, "Walipe ujira wao." "Hiyo ndiyo sheria?" "Ndiyo," na akamalizia aya ile ile, kuyashika mapito ya wenye haki.

Rav hakufuta sheria ya fidia. Alimdai msomi huyo zaidi ya kile ambacho mahakama ingemdai, na akaliita dai hilo sheria. Kwetu sisi tunaomwambia fundi au dada wa kazi "njoo kesho" ilhali simu ya kutumia pesa iko mkononi, sioni pa kujifichia. Mara nyingi asiyedai ananyamaza kwa sababu anaogopa kuikosa kazi ya kesho.

Aya ya 14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na Sifra, ufafanuzi wa kale wa marabi, inaipeleka kwenye ushauri: usimwambie mtu auze shamba anunue punda, kumbe shamba unalitaka wewe. Hapo sihitaji kuongeza neno.

Yako mafungu yanayowachosha wasomaji wapya, hasa Tazria na Metzora, yenye magonjwa ya ngozi na ukoga kwenye kuta. Nawaomba wasiyaruke. Walawi 14:36 inasema kuhani, kabla hajaingia kuikagua nyumba yenye doa, aagize vyombo vitolewe nje visije vikanajisika. Rabi Meir, mmoja wa marabi wa Mishna, anauliza ni vyombo gani hivyo, maana nguo, mbao na chuma hutakaswa kwa maji. Ni vya udongo, ambavyo vikinajisika havitakasiki. Torati imesimamisha ukaguzi wa kuhani kwa ajili ya mtungi wa mwenye nyumba.

Anayetaka kuanza asisubiri Simchat Torah. Aangalie kalenda ni parasha gani juma hili, aigawe katika zile sehemu saba, asome moja kila siku kuanzia Jumapili, na kila siku aandike swali moja ambalo maandiko yamemwachia. Somo la maisha nalitafuta Ijumaa, baada ya maswali, na ni afadhali kulitafuta ukiwa na mtu wa kubishana naye.