Jasho si mafuta: dhana za msimu wa baridi zinazorudi kila mwaka Lubumbashi

Kila mwaka, mara mvua zinapokatika na alfajiri za Lubumbashi zinapoanza kushuka chini ya nyuzi 10, wagonjwa wangu hunijia na maneno yale yale kana kwamba wamekaririshwa darasani. Watu waliotembea vizuri miezi yote ya mvua, wakiruka madimbwi na kukwepa matope, huacha ghafla ifikapo Juni. Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba baridi haiwaruhusu, kwamba mwili hautoi jasho, na kwamba mazoezi yasiyotoa jasho ni kazi bure. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Siku zangu hupita katika magoti, migongo na nyonga, na sehemu kubwa ya maumivu hayo huzidishwa na uzito. Nimeona niyaandike haya mahali pamoja ili nisilazimike kuyarudia mbele ya mizani kila Jumatatu.

“Nisipotoka jasho, mafuta hayaondoki”

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeiamini huangukia moja ya makosa mawili: ama huacha mazoezi katika majira yanayofaa zaidi kuyafanya, ama huyaendeleza huku amejifunga kwa namna inayohatarisha maisha yake. Ukipita barabara ya Kasapa Jumamosi asubuhi utawaona: koti zito juu ya sweta, kofia ya sufu, na chini ya hayo yote mfuko mweusi wa takataka uliotobolewa mahali pa kichwa na mikono. Wengine hupendelea plastiki ya kufunikia chakula, wakaizungusha tumboni mara tatu, kisha juu yake wakafunga mkanda wa kubana ulionunuliwa sokoni kwa ahadi kwamba unayeyusha kitambi.

Mama mmoja alipofungua nguo ili nimwangalie mgongo, plastiki ilikuwa imenata kwenye ngozi, maji yamejikusanya chini yake hadi yamelowesha ukingo wa kitenge, na kiuno kizima kilikuwa na vipele vyekundu. Hata hivyo alikuwa na furaha, kwa maana mizani ya nyumbani ilionyesha kwamba amepungua karibu kilo moja tangu alfajiri. Nilimpa bilauri mbili za maji, akanywa zote, nikamwomba apande mizani yangu kabla na baada ya kunywa. Karibu nusu ya “mafuta” aliyoyapoteza ilikuwa imekwisha kurudi.

“Dokta, kwa hiyo nimejitesa bure?”

“Kutembea hakukuwa bure, mama. Kilichokuwa bure ni plastiki.”

Jasho ni maji yenye chumvi kidogo. Ndani yake hamna mafuta ya tumboni, na lita moja ya jasho ni kilo moja ya maji ambayo mwili utaidai irudishwe kabla ya siku kwisha. Mafuta yana njia yake nyingine kabisa. Misuli inapoyahitaji, huunguzwa kwa oksijeni, na kinachobaki ni hewa ya ukaa na maji. Katika kilo 10 za mafuta zilizoungua zote, takriban kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu kama hewa ya ukaa, na kilo 1.6 zilizobaki huwa maji. Kama basi kuna mlango ambao mafuta hupitia, mlango huo ni pua na mdomo. Asitokee mtu wa kuniuliza kama anaweza kuketi kwenye kochi akahema kwa nguvu: hewa ya ukaa hiyo hutengenezwa na misuli inayofanya kazi, na kuhema kabla ya kazi kutaleta kizunguzungu tu.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayomaliza ubishi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa kalori zinazohesabiwa kwenye chakula. Mtu anayekimbia hutumia kwa wastani kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, yaani kalori 70 hivi kwa mtu wa kilo 70. Ili amalize kilo moja ya mafuta kwa mbio peke yake, atahitaji kilomita 110, nayo ni karibu sawa na kukimbia hadi Kipushi na kurudi mara mbili. Anayesema amepoteza kilo moja ya mafuta kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi anazungumzia kitu kingine, na kitu hicho kimo kwenye fulana yake iliyolowa.

Jasho lina kazi moja kubwa, nayo ni kupoza mwili. Takriban robo tatu ya nguvu ambayo misuli hutumia hugeuka joto, na joto hilo lisipotoka tutapikika kwa ndani. Wakati wa joto la Oktoba mwili hautegemei hewa pekee kuuondolea joto hilo, kwa hiyo hutoa maji mengi. Asubuhi ya Julai hewa yenyewe inasaidia kupoza, na maji machache yanayotoka hukauka upesi kwa sababu hewa ni kavu. Madereva wa teksi wananielewa haraka ninapowaambia kwamba gari ambalo radieta yake imechemka halijaenda mbali kuliko gari lililotulia. Kazi iliyofanyika ni ile ile, na kalori zilizotumika ni zile zile.

Tena aliyejifunga plastiki hufanya kazi ndogo zaidi. Joto likizuiwa, moyo huanza kwenda mbio mapema, kichwa kinauma, miguu inakuwa mizito, na aliyekusudia kutembea saa nzima hurudi nyumbani baada ya dakika ishirini akiamini kwamba amefanya mazoezi makali. Wakimbiaji wa marathoni hufanya vizuri zaidi katika hewa ya nyuzi karibu 10 kuliko katika joto la nyuzi 25. Hewa ambayo wengine huisafiria ili wakimbie vizuri, sisi tunaamka tunaikuta mlangoni, kisha tunaivalia mfuko wa takataka.

Nasema kwamba jambo hili ni la hatari, na sitaki mtu adhani natia chumvi. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, vijana wenye afya, walifariki katika muda wa wiki chache walipokuwa wakijikamua maji ili watimize uzito wa mashindano, kwa mazoezi makali katika joto na nguo zisizopitisha hewa. Baada ya vifo hivyo, nguo za mpira za kutoa jasho zilipigwa marufuku katika mchezo huo vyuoni. Sasa fikiria mtu wa miaka hamsini na tano mwenye shinikizo la damu, anayemeza kila asubuhi dawa ya kukojoza aliyoandikiwa na daktari, kisha anajifunga plastiki na kukimbia bila kunywa maji. Baridi nayo hubana mishipa na kupandisha shinikizo. Mtu huyo namkataza waziwazi, na akinijibu kwamba jirani yake amekonda kwa njia hiyo, sina heshima ya kumpa jirani yake.

Vaa nguo mbili nyepesi, uvue ya juu mwili ukishapata moto, baada ya dakika kumi hivi. Na kama huwezi kuishi bila kupima, nenda kwa fundi cherehani ukanunue tepe ya kupimia: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mizani hudanganywa na bilauri ya maji, na tepe haidanganyiki kirahisi hivyo.

“Wakati wa baridi mwili unadai chakula kingi”

Ni kweli kwamba mwili unaotetemeka hutumia nguvu nyingi, hata mara kadhaa kuliko mwili uliotulia. Lakini ni nani anayetetemeka saa nzima hapa kwetu? Sisi huvaa koti, hujifunika blanketi, na mchana jua likitoka tunarudi kwenye nyuzi karibu 25 na kukaa nje na fulana. Dai hilo la mwili ni dogo, na bakuli la bukari, yaani ugali wetu, tunaloliongeza kwa jina lake ni kubwa.

Tena baridi yetu huja baada ya mavuno. Karanga zimekwisha kuvunwa, zinakaangwa kila kona ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mtu hutafuna huku akiota moto bila kuhesabu. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Chai nayo inanyweka kwa sababu ni ya moto. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne vya sukari, ni kalori 240 hivi kabla hujagusa andazi. Halafu zinafuata sherehe: sikukuu ya uhuru wa Kongo tarehe 30 Juni, arusi za likizo, na vijana waliofaulu mtihani wa taifa wakimwagiwa poda nyeupe barabarani huku wazazi wakifungua bia, na chupa kubwa moja ya bia ina kalori karibu 300. Sijakataza mtu kusherehekea diploma ya mwanawe. Ninachokataa ni kusingiziwa baridi.

“Kilo za baridi zitaondoka zenyewe mvua zikirudi”

Haziondoki, angalau si kwa watu wengi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuata watu wazima 195 katika kipindi chao cha sikukuu, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, na ukakuta kwamba kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo. Wengi wao walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Lakini hicho kidogo hakikupungua miezi iliyofuata, nacho kikirudiwa mwaka baada ya mwaka kinatosha kueleza kwa nini suruali ya arusi haifungi. Wagonjwa wangu huniambia wamenona ghafla. Nikiwauliza juu ya miaka kumi iliyopita, nakuta kwamba hakukuwa na ghafla yoyote.

“Baridi ya asubuhi inaleta nimonia”

Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, na vimelea hivyo hupenda watu waliobanana ndani ya chumba kilichofungwa kuliko mtu anayetembea peke yake barabarani. Ninakubali jambo moja: hewa baridi na kavu, yenye vumbi la barabara zisizo na lami, inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Huyo aanze polepole, afunike mdomo na pua kwa skafu, awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na kama inawezekana atoke alasiri.

Kinachonitisha zaidi ni kile ambacho watu hao hao hukifanya ili kujikinga na baridi. Wanaingiza mbabula, yaani jiko la makaa, ndani, wanafunga dirisha, wanaziba upenyo wa mlango kwa nguo, kisha wanalala. Makaa yanayowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini bila kumwamsha. Mbabula ikae nje, hata usiku uwe wa baridi kiasi gani.

“Nitafanya mazoezi ya tumbo ndani ya nyumba, yanatosha”

Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo. Mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo hayapokei amri kutoka kwake. Mwili huyachota sehemu zote kwa mpangilio wake wenyewe, na mara nyingi wagonjwa wangu huona yakipungua usoni kwanza, jambo linalowaudhi.

“Siku ni fupi, hakuna wakati”

Hili limetoka kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji, ambako mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwetu, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni saa moja na dakika ishirini hivi. Hapa jua lipo, na siku nzima haina wingu.

“Kazi za nyumbani ni mazoezi tosha”

Inategemea kazi. Anayetwanga, anayechota maji mbali na anayelima sina la kumfundisha, na mara nyingi anahitaji kupumzisha mgongo. Lakini mwenye duka anayesimama na kuketi nyuma ya meza tangu asubuhi, na mwenye ofisi anayeita uchovu wa kichwa uchovu wa mwili, hawajafika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wa mazoezi ya kazi hunicheka kwa kuurudiarudia, ni saa tisa alasiri. Kumekwisha kupata joto, chakula cha mchana kimetulia, na visingizio vya alfajiri havipo. Asiyeweza kutoka kazini saa hiyo, na anayerudi Ruashi au Katuba kwa teksibasi, ashuke mapema na amalizie kwa miguu, dakika thelathini, mara tano kwa juma, koti likiwa mkononi.