Je, wajua kwa nini kompyuta kuukuu huwa nyepesi ikibadilishiwa diski tu?

Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kompyuta ya mezani inayopatikana sana kwenye maduka ya mtumba. Prosesa yake ya Core i5 bado inamudu kazi za nyumbani: barua, intaneti, masomo ya watoto, filamu. Lakini ukiiwasha, unakaa dakika kadhaa ndipo ifungue faili la kwanza. Lawama huangukia prosesa au RAM, na mara nyingi mwenye kosa ni hadi diski (hard disk), ile diski ya sahani. Itoe, weka SSD (diski ya chipu), na mashine ileile itakuwa tayari ndani ya nusu dakika hivi.

Kinachokula muda ni kusubiri. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Data ikitakiwa, mkono husogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sahani ilete sehemu yenyewe. Kwa mizunguko 7,200, kusubiri sahani ni wastani wa milisekunde 4, na kusogeza mkono ni kama 9. Jumla 13, yaani safari zisizofika 80 kwa sekunde. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya diski, na kila kipande ni safari. SSD haina kinachozunguka. Data imo kwenye chipu, na kipande chochote hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, au chini yake.

Ndiyo maana namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikupumbaze. 550, 3,500 au 7,000, hizo ni megabaiti kwa sekunde za kusoma faili moja kubwa mfululizo. Kuwasha kompyuta si kazi ya namna hiyo. Ukitoka hadi diski kwenda SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski), hata mgeni nyumbani ataona tofauti. Ukitoka SATA kwenda NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), tofauti katika kuwasha na kufungua programu za kawaida, ni sekunde chache tu. Kama mashine yako inapokea NVMe na bei zinakaribiana, ichukue. Kama haipokei, usibadilishe kompyuta kwa sababu hiyo.

Swali la kwanza dukani basi ni mashine inapokea nini. SSD ya SATA ya inchi 2.5 huingia karibu kompyuta yoyote ya mezani yenye waya wa data na wa umeme wa SATA. Utata uko kwenye M.2, kile kibamba chembamba chenye upana wa milimita 22 na kwa kawaida urefu wa 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Umbo ni moja, lakini kuna M.2 za SATA na kuna za NVMe, na nafasi nyingine kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) hupokea aina moja tu. Tazama meno yake ya shaba: yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja karibu kila mara ni NVMe. Hiyo ni dalili tu. Hakikisha kwenye kitabu cha mazabodi. Tena, mazabodi nyingi za kabla ya 2014 haziwezi kuwaka kutoka NVMe. Ukiichomeka kwa kadi ya adapta, Windows itaiona kama diski ya kuhifadhia, ila haitawashia mashine.

OptiPlex ile haina nafasi ya M.2, kwa hiyo ni SATA ya inchi 2.5. Ichomeke kwenye SATA0 au SATA1, ambazo ni za gigabiti 6 kwa sekunde. Nyingine ni za 3, na zitakata ile 550 karibu nusu.

Kuhusu ukubwa, GB 120 usinunue tena. Windows 11 peke yake inadai diski isiyopungua GB 64, na masasisho huongezeka kila mwezi. GB 240 ndiyo ya kuanzia (Windows itakuonyesha 223, hujaibiwa, ni namna yake ya kuhesabu), 480 au 500 ndiyo ya kukaa nayo miaka. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kwanza kufuta bloku nzima, hivyo ikijaa pomoni inakuwa nzito. Acha asilimia 15 wazi.

Watu huogopa kwamba SSD huchakaa kwa kuandikwa. Ni kweli, ila piga hesabu. Kingston A400 ya GB 240 imewekewa kiwango cha kuandikwa terabaiti 80. Ukiandika GB 20 kila siku, ambazo kwa nyumba ni nyingi, utakifikia baada ya miaka kama 11. La kuangalia zaidi ni aina ya chipu. TLC huweka biti 3 katika kila seli, QLC huweka 4 na ni rahisi kwa bei, lakini ukinakili faili kubwa mno inaweza kushuka hadi chini ya kasi ya hadi diski. Kwa diski ya kuwashia, tafuta TLC. Na ukikutana na jina usilolijua linalouza terabaiti 2 kwa bei ya GB 240, ijaze yote kwa programu ya H2testw, inayopima kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, kabla siku za kurudisha hazijaisha. Programu ya CrystalDiskInfo nayo itakuonyesha saa ilizotumika. “Mpya” yenye saa 9,000 si mpya.

Siku ya kupiga Windows, chomoa hadi diski ya zamani kabisa. Hili husahaulika sana. Zikiwepo diski mbili, Windows inaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na siku utakapoitoa, mashine haiwaki. Kabla ya kuanza, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) uweke SATA kwenye AHCI, namna ya mashine kuwasiliana na diski. Ukibadilisha baadaye unaweza kukutana na skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Flashi ya GB 8 inatosha kupigia Windows. Prosesa za mwaka 2012 Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, kwa hiyo Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ni chaguo la kweli kwa mashine hizi.

Hadi diski usiitupe. Irudishe baada ya Windows kukaa sawa, uhifadhi nakala za picha na hati humo. SSD mara nyingi hufa ghafla bila kukwaruza wala kulia, na TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe nafasi za faili zilizofutwa, hufanya ulichofuta kisirudi hata kwa fundi. Ikiwa umeme wa kwenu hukatika mara kwa mara, weka UPS (betri ya akiba ya kompyuta): SSD nyingi za nyumbani hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika, na kukatika katikati kunaweza kuharibu faili za mfumo.